Miti Isiyosema

Kila niendapo ukweni kwangu Mkomaindo, mjini Masasi, huchukua kitabu kimoja cha kusoma na daftari moja la kuandikia, na aghalabu hurudi kisiwani vyote viwili vikiwa vile vile nilivyovichukua. Safari moja nilichukua na filamu. Shemeji yangu ana kompyuta, na jioni moja baada ya chakula aliiweka juu ya meza uani, watoto wakakaa mkekani, na bibi yake mke wangu akatolewa kiti. Bibi huyu katika siku zake alikuwa nyakanga, mkuu wa unyago wa wasichana. Magoti hayamtii tena, ila macho yangali mazima na ulimi hali kadhalika. Niliwaambia kuwa tutatazama picha ya Mtaliano mmoja iliyopigwa Tanzania zaidi ya miaka 50 iliyopita. Watoto walitaraji mapigano. Haikufika robo saa wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bibi alikaa hadi mwisho.

Filamu yenyewe inaitwa Appunti per un'Orestiade africana, nasi twaweza kuiita kwa lugha yetu Vidokezo vya Orestia ya Kiafrika. Mtunzi wake ni Pier Paolo Pasolini, mshairi, mwandishi wa riwaya na mwongozaji wa filamu, aliyezaliwa Bologna mwaka 1922 na kuuawa Ostia, kando ya bahari karibu na Roma, mwezi wa Novemba 1975. Alikuja Uganda na Tanzania mwishoni mwa 1968 na mapema 1969, na kazi yake ikawa tayari mwaka 1970. Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye urefu wa saa moja na dakika chache. Mtu akiitazama kwa kutaraji hadithi yenye mwanzo na mwisho atatoka mikono mitupu. Pasolini mwenyewe anaanza kwa kutuonyesha sura yake katika kioo cha duka la mji wa Kiafrika, kamera mkononi, na anatuambia kuwa hakuja kupiga picha ya habari wala filamu ya hadithi. Amekuja kuandika madokezo ya filamu atakayoitengeneza baadaye. Hiyo ya baadaye hakuitengeneza. Tulichoachiwa ni daftari la mshairi, na pengine ndiyo sababu mimi, ambaye sikusomea sinema wala sikusomea chochote baada ya kuacha shule mapema, niliielewa kuliko filamu nyingi zilizokamilika.

Wapenzi wa ushairi wanaosoma kurasa hizi wengi wao wanakijua kisa cha Orestia, lakini si vibaya kukikumbusha. Aeschylus aliitoa tanzia hii ya sehemu tatu mjini Athens mwaka 458 kabla ya Kristo. Mfalme Agamemnon anarejea kutoka vita vya Troy, ambako ili apate upepo wa kusafiria alikuwa amemchinja binti yake mwenyewe. Mkewe Clytemnestra, ambaye moto wa mtoto haujamzimika, anamuua. Kijana wao Orestes, kwa amri ya mungu Apollo na kwa kuhimizwa na dada yake Electra, anamuua mama ili kulipa kisasi cha baba. Hapo wanamtokea viumbe wa kike, wakongwe kuliko miungu, ambao Wagiriki waliwaita Erinyes. Kazi yao ni moja tu, nayo ni kumwinda anayemwaga damu ya mzazi wake. Wanamfukuza Orestes mpaka Athens, ambako mungu wa kike Athena anaunda baraza la wananchi kuamua shauri. Kura zinatoka sawa kwa sawa, ya Athena inamwokoa kijana, na wale viumbe wanawaka kwa hasira. Basi Athena hawafukuzi. Anawabembeleza, anawasikiliza, anawapa makao chini ya kilima cha mji na heshima ya kudumu, na jina lao linabadilika wakawa Eumenides, Wenye Hisani.

Pasolini aliifasiri tanzia hii kwa Kitaliano mwaka 1960, kwa ajili ya kundi la mwigizaji Vittorio Gassman lililoiweka jukwaani Syracuse, katika kisiwa cha Sicily. Aliizoea basi neno kwa neno kabla ya kuizoea kwa macho. Mwaka 1967 alikuwa amekwisha kuupeleka mkasa wa Oedipus hadi Morocco, na miaka miwili baadaye akamweka Maria Callas katika Medea. Fikra iliyomleta kwetu ni hii: kwamba Afrika iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru ilikuwa katika safari ile ile ya Orestes, ikitoka katika sheria ya ukoo na damu na kwenda katika sheria ya baraza na kura, na kwamba swali kubwa la zama zile lilikuwa ni vipi ya kale yageuzwe yawe wenye hisani badala ya kufukuzwa. Ni fikra yenye mapenzi ndani yake. Ni fikra pia ya mtu aliyekwisha kuamua atakachokiona kabla ya kushuka kutoka kwenye ndege, nasi tunamwona akiwa na kitabu cha Aeschylus na ramani ya bara letu, kimoja kando ya kingine.

Sehemu kubwa ya filamu ni kutafuta nyuso. Sokoni Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, vijijini na barabarani, kamera inamtazama mtu, na sauti ya Pasolini inasema: huyu angeweza kuwa Agamemnon, na yule angeweza kuwa Orestes. Nyuso zile ni nzuri. Jicho la mshairi yule lilikuwa na adabu, na sikuona dharau ndani yake. Fundi cherehani hageuzwi kuwa kitu cha kuchekesha, na mwanamke mwenye mzigo kichwani hapigwi picha kwa sababu ya mzigo. Hata hivyo, akifika kwa Electra anakwama. Analalamika kuwa ni tabu kumpata Electra miongoni mwa wasichana wa Kiafrika kwa sababu hawaonekani kuwa na ule ugumu wa moyo na ile chuki. Wanachojua ni kucheka tu. Uani pale Mkomaindo, nilipofasiri maneno haya, mke wangu na dada zake walicheka kweli kweli, na nadhani hata Pasolini angalikuwapo angeelewa namna ya kicheko chenyewe. Msichana akitazamwa na mgeni mwenye mashine sokoni acheke, afanye nini? Chuki humwonyesha anayemhusu.

Vita vya Troy vinaletwa kwa picha za vita vya Biafra, vilivyokuwa vikiendelea Nigeria tangu 1967 na kumalizika Januari 1970. Hapa filamu inauma. Tukumbuke kuwa Tanzania ndiyo iliyotangulia nchi zote kuitambua Biafra, mwezi wa Aprili 1968, hata mtu aliyekuwa akitembea na kamera Kigoma au Dodoma majira yale alikuwa katika nchi iliyokwisha kusema neno lake juu ya Troy ile. Kisha, ghafla, tunaondoka Afrika kabisa. Tumo ukumbini Roma, Gato Barbieri wa Argentina anapuliza saksafoni, na waimbaji wawili Wamarekani weusi, Yvonne Murray na Archie Savage, wanaimba utabiri wa Cassandra na kifo chake kwa mtindo wa jazi. Shemeji alidhani diski imeharibika. Mimi nilipenda. Cassandra ni mateka aliyevushwa bahari, anayeona yatakayotokea na asiaminiwe. Kumpa sauti ya watu ambao babu zao walivushwa bahari ni ufasiri, tena ufasiri wa hali ya juu.

Nitoe haki yake mahali pengine pia. Pasolini aliwakusanya wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Chuo Kikuu cha Roma, akawaonyesha alichokipiga, akawauliza kama wanaona inafaa na kama kisa kiwekwe katika Afrika ya mwaka 1960 au ya mwaka 1970. Wanafunzi wale, karibu wote wanaume, wamevaa suti na tai, hawakumfurahisha. Mmoja anamwambia kwa upole kuwa Afrika si taifa, ni bara. Lile neno kabila nalo linazua maneno. Unamwona Pasolini akijitetea, na utetezi wake haujasimama sawasawa. Mwongozaji mwingine angalikata kipande hiki akakitupa. Yeye alikiacha, tena akakiweka ndani ya filamu yenyewe, hata hoja ya kumpinga ikawa sehemu ya kazi yake. Ni watunzi wangapi wetu, wa tenzi au wa tamthilia, waliowahi kuchapisha masahihisho ya wasomaji wao ndani ya kitabu kile kile?

Sasa nije kwenye miti.

Erinyes, anasema Pasolini, hawawezi kuonyeshwa kwa umbo la binadamu. Basi atawaonyesha kwa miti. Na kweli tunaonyeshwa miti: mikubwa, ya zamani, upepo ukiitikisa, majani yakipeperuka, na muziki juu yake. Ni picha zenye haiba. Mtu aliyelala usiku mmoja chini ya mwembe mkongwe anajua kuwa mti una jambo lake. Bibi alitazama kwa makini zaidi kuliko alivyotazama kitu kingine chochote katika filamu nzima. Halafu akauliza ni nani anayezungumza na ile miti. Nilimjibu kuwa hapana mtu, miti peke yake ndiyo mizimu. Akauliza tena: sasa itajulikanaje inachotaka?

Sikuwa na jawabu usiku ule. Nilikwenda kulala na swali lake, na kulipopambazuka nikafungua daftari langu, ambalo kwa miaka kadhaa limebeba majaribio yangu ya kuifasiri sehemu ya tatu ya Orestia kwa Kiswahili, nikaona kuwa bibi amegusa mahali ambapo filamu nzima imevunjika. Katika Aeschylus wale viumbe ndio korasi. Ndio wanaoimba, ndio wanaodai, ndio wanaolia kuwa miungu vijana wamewapora haki yao. Maneno yao ni mengi na ni makali, na Athena hawezi kuwapatanisha ila kwa kuwajibu, wakakataa, akawajibu tena, mpaka mwisho wao wenyewe wanamuuliza ni makao gani hayo anayowaahidi. Tanzia inamalizika kwa mazungumzo. Ukiwageuza kuwa miti umewapa ukubwa na siri, lakini umewanyang'anya ulimi, na kisichokuwa na ulimi hakipatanishwi. Hukatwa, au huachwa, au hutazamwa.

Sisi watu wa pwani tuna njia ya kulielewa jambo hili ambayo Mtaliano yule hakuwa nayo. Mtu akipandwa na pepo, fundi hakimbilii kumfukuza. Ngoma inapigwa, ubani unafukizwa, na pepo anaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, umekasirishwa na nini, unataka nini? Naye hujibu kwa kinywa cha huyo aliyempanda, anayeitwa kiti. Atataka kitambaa cha rangi fulani, au marashi, au mbuzi. Ataandaliwa chano chake. Na baada ya hapo si adui tena, ni mgeni mwenye siku zake na haki zake nyumbani humo. Najua wapo watakaosema kuwa hayo ni ushirikina, wala sina ugomvi nao. Hapa nazungumzia tamthilia. Nasema tu kuwa mzee yeyote wa Pemba au Unguja aliyewahi kukaa kilingeni angeyaelewa yale majadiliano ya Athena kuliko wanavyoyaelewa wengi wanaoyafundisha. Makao chini ya kilima ni chano. Jina jipya la Wenye Hisani ni lile jina la heshima anapewa aliyekwisha kuridhika.

Na Masasi? Pasolini hakufika kusini, naye alipoteza. Mji huu una historia yake ya Erinyes na baraza, na historia hiyo imeanzia kisiwani kwetu. Askofu Edward Steere, yule aliyejenga kanisa la Mkunazini penye soko la watumwa, ndiye aliyewaleta Masasi mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani, wakitokea Unguja, wakashukia Lindi na kupanda bara kwa miguu. Steere huyo huyo mwaka 1867 alikuwa amepiga chapa Zanzibar kitabu kidogo kiitwacho Hadithi za Kiingereza, na ndani yake kimo kisa cha King Lear, kilichofupishwa na kugeuzwa hadithi. Tanzia ya jukwaani iliingia Kiswahili kwa mlango wa ngano, bila jukwaa, bila korasi. Lakini nisipotee njia.

Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera wa nchi hii walikuwa na jando na unyago, na wamisionari wa kwanza walisumbuka na mambo haya kwa miaka mingi. Walioingia kanisani waliyaacha mchana na kuyarudia usiku. Vincent Lucas, aliyefanya kazi huku kwa muda mrefu na kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alishika njia nyingine. Hakuwafukuza. Aliliingiza jando ndani ya kanisa: kambi za wavulana zikafunguliwa kwa sala, padri akawa miongoni mwa wakubwa wa jando, yale yaliyoonekana kupingana na Ukristo yakaondolewa na mafundisho ya dini yakatiwa mahali pake. Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Dar es Salaam miaka ile ile ya Pasolini, aliandika juu ya jambo hili kwa urefu. Huu ni mwisho wa Orestia, umetendeka chini ya majabali ya Masasi miaka 40 na zaidi kabla mtu hajaja kuutafuta kwa kamera.

Ila upande wa wasichana haikuwa rahisi hivyo. Lucas alijaribu na huko pia, na matokeo hayakulingana na yale ya wavulana. Wanaume walikuwa na padri wa kuzungumza na padri. Wanawake walitakiwa wayatoe mambo yao mbele ya watu ambao kwa desturi hawakustahili kuyasikia. Mwenye kukumbuka kuwa Erinyes ni wanawake, na kwamba wanailalamikia damu ya mama, na kwamba waliomtetea Orestes walishinda kwa kusema mama si mzazi hasa, hatashangaa. Nilimuuliza bibi juu ya siku zile. Alinieleza nani alikuwa nyakanga kabla yake na nani kabla ya huyo. Juu ya yaliyokuwa ndani hakunieleza neno, wala haikuwa haki yangu kuelezwa.

Ningependa sana kujua Pasolini angefanya nini lau angepanda hadi uwanda wa Makonde, Newala, akaona mapiko yakitoka mwishoni mwa jando: mtu aliyefunikwa mwili mzima, kichwani amevaa uso wa mti uliochongwa, anacheza mbele ya watu kwa jina la mfu. Waigizaji wa Aeschylus nao walivaa nyuso za kuchonga na kuunda. Hapa pana mti, pana mzimu, na ndani yake pana mtu mwenye miguu na pumzi. Alichokitafuta kilikuwapo, tena kimevaa vazi la tamthilia kabisa. Badala yake alimalizia Dodoma, kwa ngoma ya Wagogo na harusi ya mtaani, akiitoa ngoma ile kuwa mfano wa Erinyes waliogeuka Wenye Hisani: zamani, anasema, ilikuwa na maana takatifu, na sasa inachezwa kwa furaha tu. Ndivyo alivyoona. Wachezaji wenyewe hatuwasikii wakisema kama maana ile imekwisha au imekaa wapi. Katika filamu hii waliopewa nafasi ya kujibu ni wanafunzi wa Roma. Watu wa Kigoma na Dodoma wako upande mmoja na miti.

Na hekalu la Apollo, unajua, msomaji, alilipata wapi? Mlimani. Orestes anapokwenda kuomba hifadhi ya mungu wa nuru na akili, tunaonyeshwa majengo ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, meupe, mapya, juu ya kilima. Uchaguzi mzuri. Lakini kamera ilizipiga picha kuta kutoka nje, na ndani ya kuta zile, katika lugha ambayo mpiga picha hakuijua, tanzia ilikuwa ikizaliwa. Ebrahim Hussein, mwana wa kusini, mzaliwa wa Kilwa, alikuwa mwanafunzi pale, na tamthilia yake Kinjeketile ilichapishwa mwaka ule ule wa 1969. Wakati huo huo Samuel Mushi alikuwa amekwisha kutoa Makbeth mwaka 1968, na mwaka 1971 akamleta Sophocles mwenyewe kwa jina la Mfalme Edipode. Rais wa nchi alikuwa akiirudia tafsiri yake ya Juliasi Kaizari. Sijui nchi nyingine ambayo katika miaka hiyo mitatu au minne tanzia za zamani zilikuwa zikishughulikiwa kwa bidii namna ile na watu wenye kazi nyingine za kufanya.

Katika Kinjeketile mzimu una ulimi, na hapo ndipo ubora wake. Hongo anampanda Kinjeketile na kusema kwa kinywa chake. Anaahidi maji, anaahidi umoja, anaahidi ushindi juu ya Mjerumani, kisha anaongeza kuwa baada ya hapo watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Sisi wa visiwani hatuwezi kuipita sehemu hii bila ya kujikuna kichwa. Kinjeketile anapozinduka na kuambiwa alichokisema, anatambua kuwa neno limetoka kwake na si lake tena. Analiomba liwangoje watu wajiandae, haliwangojei. Na mwisho, anapotakiwa na Wajerumani ayakane maji na kusema yalikuwa uongo, anakataa, kwa kuwa akikana, kila kilichopiganiwa kitahesabiwa uongo pamoja nayo. Aliyesoma Aeschylus hatauliza kama hii ni tanzia. Vita hivyo vilifika hapa Masasi mwaka 1905, na misheni ya Steere ikateketezwa kwa moto. Kisa kilikuwa cha watu wa huku, mtunzi wa huku, lugha ya wote, na kilikuwa mita chache kutoka mahali Pasolini aliposimamisha kamera yake.

Simlaumu kwa kutokijua Kiswahili. Namlaumu kidogo kwa kutouliza kinasema nini. Miaka 30 baadaye Alexander Abela alikwenda Faux Cap, kusini ya Madagaska, akiwa karibu peke yake na vyombo vyake, akatengeneza Makibefo, yaani Macbeth iliyochezwa na wavuvi wa Kiantandroy. Nayo ni ya rangi nyeusi na nyeupe, nayo inapenda nyuso, na msimulizi wake anasema Kiingereza. Lakini wavuvi wanapokorofishana, wanakorofishana kwa lugha yao wenyewe, pale ufukweni, upepo wa bahari ukiingia maneno. Maneno si mengi, na tofauti yake ni kubwa.

Nilirudi kisiwani na daftari. Kwa muda mrefu nilikuwa nimewaita Erinyes mashetani, kwa sababu neno lina sauti kali na linakaa vizuri katika mizani. Nililifuta. Shetani hujengewi nyumba chini ya kilima cha mji, na msomaji wetu, akishawasikia wanaitwa hivyo, ataziba masikio kabla Athena hajafungua kinywa. Nikajaribu pepo, na pepo ilinipa chano na kiti, lakini pepo ni mgeni, na hawa ni wenyeji kuliko Apollo. Limebaki mizimu. Na hapo sarufi ikanisimamia mlangoni, maana mizimu iko katika ngeli moja na miti na mito na mikoba. Kwa mujibu wa vitabu vya shule natakiwa niandike kuwa mizimu inadai, mizimu inalia, mizimu imekataa, na nikiandika hivyo nasikia majani ya Pasolini yakitikisika.

Nilimpigia simu shemeji, nikamwomba ampe bibi. Sikumweleza kisa kizima. Nilimuuliza tu, akiwa anazungumzia mizimu ya kwao, kwa Kiswahili chake, husemaje: imekasirika au wamekasirika? Alinyamaza kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo mtoto analijua. Wamekasirika, akasema, na akaniuliza mtoto wangu wa mwisho ameanza kutembea.

Ukurasa wa kwanza wa sehemu ya tatu nimeuandika upya kwa wa.